Maneno ya Bibi, Daftari Langu

Jumatatu, 1 Juni

Habari kubwa! Televisheni ya umma imetangaza Mwezi wa Sanaa. Kila siku saa moja jioni, mwezi mzima: tamthilia, ushairi, wachoraji, waimbaji. Mwalimu wa Fasihi anataka tuandike uhakiki wa kila kipindi. Mwenye daftari bora atapelekwa studioni siku ya mwisho, akae kiti cha mbele na kumuuliza mwongozaji wa tamthilia swali moja. Hewani. Nchi nzima ikisikiliza.

Mimi nikiitwa kusoma darasani, sauti huenda likizo. Lakini kwenye karatasi simwogopi mtu. Nimesoma tamthilia zote za maktaba ya shule, hata ile isiyo na jalada. Kiti ni changu.

Vikwazo viwili tu. Cha kwanza ni Kasuku. Ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa darasani, kwa sababu hurudia neno la mwisho la mwalimu kana kwamba amelizaa yeye. Kwao kuna televisheni mbili, moja iko chumbani kwake. Cha pili ni Bibi, mama yake Mama. Kwetu televisheni ni moja, na saa moja jioni ni saa ya mieleka yake. Nimemwomba kwa adabu zote. Ameniuliza kama hao wasanii watakufa wakisubiri.

Jumanne, 2 Juni

Akili ni nywele. Nimetoa betri za rimoti nikazificha ndani ya kiatu cha Baba, kile alichovaa siku ya harusi yake. Bila rimoti, nilijiambia, Bibi hatainuka kochini kwa magoti yale, na idhaa nitachagua mimi.

Kweli hakuinuka. Alinisimamisha mimi kando ya televisheni. Ongeza sauti. Punguza, hayo matangazo. Rudisha hapo. Saa nzima nabonyeza, huku natazama kwa ubavu majitu mawili yakikaliana vichwani. Nimegeuzwa rimoti. Tena rimoti yenye miguu, inayotumwa maji ya kunywa.

Betri nimezirudisha.

Alhamisi, 4 Juni

Mbinu mpya: ukweli kidogo. Nimemwambia Bibi kwamba kwenye tamthilia ya leo wana wawili wa mfalme wanapigana. Akauliza uzito wao. Nikasema wanatoshana. Akabadilisha idhaa kwa mkono wake mwenyewe!

Tatizo ni kwamba walipigana nyuma ya pazia. Tulisikia vyuma vikigongana, kisha mmoja akatoka kutuarifu kwamba mwenzake amekufa. Bibi akasema hajawahi kuona watu wenye aibu ya kupigana kiasi hicho. Nilidhani atarudi kwenye mieleka yake. Hakurudi. Alikuwa anamkagua mfalme.

"Anakalia kiti cha enzi kama anayengoja kinyozi amalize na mwenzake," akasema.

Chai ikanitoka puani.

Uhakiki wangu umefika kurasa kumi na moja: taharuki, dhamira, upweke wa madaraka. Ukurasa wa kumi na mbili ulibaki na nafasi, nikaijaza na kinyozi.

Jumanne, 9 Juni

Mwalimu amesoma daftari langu mbele ya darasa. Zile kurasa kumi na moja hakuzigusa. Alisoma kinyozi tu. Darasa zima likacheka, Mwalimu akavua miwani akaifuta, akasema hapa kuna jicho. Kasuku akasema kweli, hapa kuna jicho, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza ndimu nzima.

Kuanzia leo nimeachana na taharuki. Bibi amenogewa na Mwezi wa Sanaa (anasema hawa nao huangushana, ila polepole), nami nimehamia nyuma ya kochi na daftari langu. Kutoka pale televisheni siioni. Haidhuru. Naona kisogo cha Bibi, kinatosha.

Huu si wizi. Maneno yakishamtoka yanaelea tu sebuleni, hayana mwenyewe. Mimi nayaokota. Ni usafi wa nyumba.

Jumapili, 14 Juni

Janga. Leo walimwonyesha mchoraji mzee akiwa kazini. Bibi hakusema neno saa nzima. Nikakohoa. Nikachokoza kwamba labda rangi zimezidi. Kimya. Nikachungulia nione kama amelala: macho yako wazi, mdomo nao umeachama kidogo.

Kipindi kilipokwisha akaniuliza kama niliuona ule mkono. Nikasema niliuona. Akauliza ulikuwa unafanyaje. Nikasema ulikuwa unachora. Akanitazama kama mtu aliyemuuliza kipofu njia, kisha akaenda kulala.

Uhakiki wa leo una neno moja: "Mkono."

Ijumaa, 19 Juni

Mwalimu ameupenda "Mkono." Anasema unahitaji ujasiri kuandika hivyo. Mimi nilihitaji kalamu tu.

Lakini Kasuku amenusa. Jana alikuja kwetu eti kuazima rula. Mtu mwenye televisheni mbili hana rula? Akakaribishwa kukaa, akamsikia Bibi, masikio yakamsimama kama ya sungura. Alipoondoka tu nikamwambia Bibi kwamba yule kijana anadai mieleka ni maigizo matupu. Nilitegemea atapigwa marufuku nyumbani kwetu.

Bibi akaagiza aletwe aseme mbele yake. Ameletwa leo. Bibi akasema mieleka si maigizo. Kasuku akasema ni kweli, Bibi, mieleka si maigizo. Bibi akaona huyu ndiye mtoto mwenye malezi, akamwambia aje kila jioni.

Sasa tuko wawili nyuma ya kochi. Yeye ana kalamu ya akiba.

Jumatano, 24 Juni

Mwalimu amefungua daftari langu na la Kasuku kwa pamoja. Kuhusu yule mwimbaji wa jana, sote tumeandika: "Anaimba kama anayemwita mtoto aje achapwe." Neno kwa neno. Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini haya maneno yanatoka wapi. Kasuku, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na la kurudia.

Ningesema "kwa Bibi" yangekwisha. Nikasema tumenukuu. Mhakiki wa zamani sana, kitabu adimu, nakala ni moja tu, iko kwetu, na haiazimwi. Mwalimu akasema hakuna tabu, atakuja Jumamosi akisomee hukohuko.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaishia mlangoni kwetu.

Jumamosi, 27 Juni

Mbinu ya kwanza: kumhamishia Bibi kwa Shangazi, leo tu. Amekataa. Leo ni sehemu ya pili ya wana wa mfalme, na anataka kuona kama aliyekufa amekufa kweli.

Mbinu ya pili: nimechukua kitabu cha mapishi cha Mama, nikakivika gazeti na kukipaka chai kipate uzee. Mwalimu alifika saa kumi na mbili unusu, akafungua katikati, akasoma kwamba kitunguu kikaangwe hadi kiwe rangi ya kahawia. Akainua macho. Nikamweleza kwamba mhakiki huyu hupenda mafumbo.

Saa moja ikagonga. Mfalme akaanza kufa. Alikufa akasimama, akafa akahutubia.

"Huyu anakufa mara ya tatu sasa," Bibi akasema. "Mwenye shida kweli hufa mara moja."

Mwalimu alifunga kitabu cha mapishi taratibu. Akatoa kalamu, akashuka kwenye zulia, akaandika hadi mwisho, miguuni pa Bibi. Alipoaga aliniambia kiti cha mbele kimempata mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Kasuku aliyekuwa nyuma ya kochi akasema kweli, si yeye.

Baadaye Bibi aliniita. Akaniuliza kama yote yale nilikuwa nayaandika. Nikakiri. Akataka nimsomee. Nikamsomea hadi chakula kikapoa, yeye akicheka maneno yake mwenyewe kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine. Hakukasirika hata kidogo. Aliuliza tu: "Na wewe uliona nini?"

Nikasema nitamwambia kesho.

Jumanne, 30 Juni

Bibi yuko studioni, kwenye kiti changu. Mama, Baba, Mwalimu na Kasuku wamemsindikiza. Mimi nimesema tumbo linauma. Kabla ya kutoka Bibi alinikabidhi rimoti mkononi, kama mtu anayeacha ufunguo wa nyumba, akasema niangalie.

Hatimaye! Kochi langu, rimoti yangu, hakuna wa kugombana naye. Nikawasha. Bibi yule pale mstari wa mbele, mkoba mapajani, ameketi kifalme kuliko yule mfalme. Roho ikaniuma vibaya sana. Sikutaka kumpa raha hiyo. Nikahamia kwenye mieleka.

Kusema kweli mieleka si mibaya. Yule mwenye kinyago chekundu ana taharuki.

Uhakiki wa mwisho nimeuandika hata hivyo, kurasa mbili, kuhusu swali aliloliuliza Bibi. Si lazima kusikia. Bibi namjua. Bila shaka ameuliza kwa nini walipigana nyuma ya pazia.

Jumatano, 1 Julai

Mwalimu ameniita ofisini. Kasuku alikuwapo. Nikaulizwa kwa upole Bibi alisema nini jana. Nikajibu bila kigugumizi, mimi! Pazia, mwongozaji alivyobabaika, ukumbi ulivyopiga makofi. Makofi yenyewe niliyapiga.

Mwalimu akafumba macho. Kasuku ndiye aliyenieleza, na kama kawaida yake hakubadilisha hata neno. Bibi hakuuliza swali. Alisimama mbele ya nchi nzima akasema:

"Swali langu nampa mjukuu wangu. Yuko nyumbani, ananiangalia. Mimi husema tu, yeye ndiye anayesikiliza."

Mwongozaji akakubali. Mjukuu aje Jumamosi, kwenye kipindi cha nyongeza, akae kiti cha mbele, aulize yeye. Bibi akaongeza sharti moja, kwa mzaha: kwanza mwambieni arudie nilichosema, tujue kama aliangalia.

Kiti cha Jumamosi amepewa Kasuku.

Nimerudi nyumbani. Bibi alichukua rimoti, akasogea kidogo kochini, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake. Nikasema nina kazi za shule.

Na ninazo kweli. Nimetafakari sana leo na nimelielewa kosa langu: nilimtegemea mtu mmoja. Mwezi huu ni Mwezi wa Sayansi, kipindi kila jioni, na mwenye daftari bora atapelekwa kuangalia nyota kwa darubini kubwa. Fundi redio wa jirani hubishana na televisheni yake tangu jua linapozama, na dirisha lake halifungiki vizuri. Nimeshapeleka kigoda chini yake. Televisheni haionekani kutoka pale. Haidhuru.

Darubini ni yangu.