Koo la Moaz na Mpira Unaopinda

Jumamosi, 9 Machi

Tumefika Mansura salama, alhamdulillahi. Bata naye kafika salama, kikapuni, chini ya shali langu jeusi.

Bata ndiye mpango. Kwetu mtu haendi kwa daktari mikono mitupu, na huyu nimemnonesha mwenyewe. Mahindi nimeloweka, mdomo nimemfungua, punje nimesukuma kwa kidole na kuzishusha kooni kwa kumpapasa shingo, pole pole, kila asubuhi. Sasa akitembea anahema kama mama mkwe wangu kwenye ngazi.

Hospitali wametupa kitanda karibu na dirisha. Sista Nagat, ndiye anayeita wagonjwa, ameniambia habari yote. Daktari Murad katoka Kairo na mpira mpya wa kupanulia koo. Yupo hadi Alhamisi tu. Mipira ya zamani imenyooka kama mwiko, na koo la Moaz wangu limepinda kama bomba la chini ya sinki, tangu alipokunywa maji ya potasa, dawa kali ya kusafishia inayochoma, akidhani ni soda. Mipira yote imegota kwenye ile kona. Lakini huu mpya una kigurudumu kwenye mpini. Daktari akikizungusha, kichwa cha mpira kinageuka kulia, kinageuka kushoto, kinatafuta njia. Kikishapita, kinavimba taratibu na kovu linaachia.

Ukishindwa huo, Moaz atapasuliwa kifua na kushonewa koo la kipande cha utumbo. Ana miaka mitatu! Kifua chenyewe nakifunika kwa kiganja kimoja.

Kwa hiyo lazima aingie kabla ya Alhamisi kwisha. Na mwenye kuita majina ni Sista Nagat. Na Sista Nagat, kwa mwili ule, anapenda bata. Mtu haambiwi.

Jioni nilinunua taamia, zile bajia za maharage. Moaz hutafuna, halafu hutema kwenye kikombe, maana chakula chake hupita kwenye bomba la tumboni. Leo alitafuna moja akatema, akanipa nyingine. Akasema, "Mama, meza wewe, mimi nitazame." Nikameza. Ilikuwa chumvi tupu.

Jumapili, 10 Machi

Bata katoroka!

Nilikuwa nimefika mlangoni kwa Sista Nagat. Nimeanza vizuri tu, nimemuulizia afya, nimeuliza watoto, nimefunua shali kidogo. Sikujua bata mnene hivyo anaweza kukimbia. Akapita korido nzima, wanawake wakapiga kelele, mzee mmoja akaacha magongo yake akakimbia vizuri kabisa. Mwisho bata kaingia chini ya kiti cha Mama Rawan.

Huyu Mama Rawan ni mke wa seremala wa Dumyati. Bangili hadi kwenye kiwiko. Binti yake Rawan alikunywa potasa kama Moaz, lakini koo lake limenyooka, mipira ya kawaida inampita, na sasa anakula mkate na jibini mbele ya watoto wetu kama bibi harusi kwenye jukwaa. Mama Rawan alimnasa bata kwa mkono mmoja, bila kuinuka. Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi getini, bi arusi huyu kaletwa bila ngoma, wenyewe wako wapi?

 Bata akanitazama. Korido nzima ikanitazama.

Sista Nagat akaniuliza kama bata naye ana miadi na daktari. Akasema wodi hii aliyezidiwa ndiye anayetangulia, si mwenye bata aliyenona, na kwamba Moaz ameshapangwa kesho, tangu jana, bila bata. Bata akapelekwa kwa mlinzi wa geti hadi binamu yangu aje kumchukua.

Kesho! Nilitaka kumbusu Sista Nagat. Ila nilikuwa na manyoya mdomoni.

Ubaya ulikuja baadaye. Mama Rawan alipita kitandani kwetu, akainama, akasema, "Kope gani hizi? Za mvulana hizi? Wallahi Rawan wangu ndiye angezipata!" Nikangoja aseme mashaallah. Sikuisikia. Nikakohoa kumkumbusha. Akaniuliza kama nina mafua.

Ana macho ya buluu na pengo la meno mbele, alama zote mbili za mwenye jicho la husuda. Sina la kuongeza.

Moaz kaamka na joto kidogo. Sista Nagat anasema ni blanketi mbili nilizomfunika. Mimi najua ninachojua.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimpigia simu mama mkwe tangu alfajiri. Akanikumbusha kuwa mume wangu Bayumi alivaa gauni hadi miaka mitano, kipuli sikioni, wakimwita Hindiya, na jicho halikumwona. Leo anabeba matofali tanurini kama punda, mashaallah. Kweli! Mtoto wa kiume anayeogopewa jicho anavishwa kike. Jambo la kawaida kabisa, na mimi nimelisahau kwa kuhangaika na bata.

Gauni nimeazima kwa mama wa kitanda cha tatu. La waridi, lina marinda. Kibanio cha kipepeo kichwani. Moaz alijizungusha hadi akaanguka kwa kucheka. Nikawatangazia wote benchini kuwa huyu ni dadake, Zuzu, Moaz mwenyewe kalala. Mama Rawan akamtazama Zuzu, akageuza uso akaendelea kula mbegu za maboga. Hakuona kope hata moja! Moyo wangu ukatulia.

Sista Nagat akatoka. Akaita, "Moaz Bayumi!"

Sasa nifanye nini? Nikisema huyu hapa, Mama Rawan atasikia, na jicho litamfuata hadi kwenye kitanda cha daktari. Sista Nagat akaita tena. Akanitazama, akamtazama msichana mapajani mwangu, akauliza kijana yuko wapi. Nikamkonyeza. Hakuelewa. Nikamkonyeza kwa jicho la pili. Akauliza nimeingiwa na mchanga? Ulimi ukaniponyoka, nikasema yuko chooni.

Akasema daktari hawezi kungoja choo. Akamwita mtoto mwingine. Mlango ukafungwa.

Hapo ndipo Moaz akang'oa kibanio akakitupa, akapiga kelele, "Mimi si Zuzu! Mimi ni Moaz!"

Benchi zima lilicheka. Mama Rawan alicheka hadi bangili zikalia. Akasema, "Mashaallah! Hospitali hii wanageuza wasichana kuwa wavulana bila hata sindano!"

Mashaallah ndiyo kaisema sasa. Imechelewa.

Nililia chooni, ili angalau kuwe na mtu aliyekuwa chooni kweli. Sista Nagat akanifuata na chai. Hakunigombeza. Akasema amempanga Jumatano, ila nafasi ni hiyo tu, na akaniomba nimlete akiwa na suruali. Mungu ampe afya mwanamke huyu. Nimemdhania vibaya kuhusu bata.

Jumatano, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Jana siku nzima sikupanga kitu. Nilijiona kama mgonjwa. Leo asubuhi Moaz akaamka ananyoosha mkono kwa kila anayekunywa chai. Wameagiza asipate kitu kwa mdomo tangu usiku, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Kwa mdomo. Nikafikiri. Bomba la tumboni si mdomo! Na nilikuwa na kichupa cha maji ya Zamzam ya Makka kutoka kwa Hajjat wa mtaani kwetu, na asali kidogo. Baraka na nguvu, vyote viwili, na mdomo haukuguswa hata kwa tone. Nikamtilia kwenye bomba nyuma ya pazia. Nilijiona mjanja kweli.

Tukaitwa. Suruali anayo. Mlangoni daktari mwenyewe akauliza, mtoto amepata chochote? Daktari Murad ana sauti ya chini, kama mtu anayemsomea mtoto aliyelala. Nikasema, "Kwa mdomo? Hata kidogo, daktari." Wala sikudanganya!

Mama Rawan akasimama. Akasema, "Mama Moaz, mwambie la bomba." Nikamkazia macho. Akasema, "Basi nasema mimi. Kamwekea asali, daktari. Nimeona pazia, nimeona na kichupa."

Nilitaka kumvua zile bangili moja moja na kuzitupa mtoni. Nikamwita mchongezi, nikamwita mwenye jicho, nikamwambia bintiye anashiba mkate na bado anaona wivu na asali ya mwanangu.  Uso wake ulikuwa mweupe.

Daktari akaketi benchini, kati yetu, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Tumbo halijui kilichoingia kwa mdomo na kilichoingia kwa bomba. Mtoto akilazwa kwa dawa, kilicho tumboni hupanda juu na kuingia kwenye mapafu. Akasema kwa kifua kidogo kile, huenda asingeamka.

 Nilimkumbatia Moaz hadi akalalamika namkaba.

Nafasi imekwenda. Kesho daktari anaondoka alasiri na wagonjwa wamejaa. Sista Nagat hakunitazama. Nafikiri alikuwa anafuta macho.

Nikamwendea Mama Rawan. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nikayasahau yote. Nikamshika mkono tu. Akasema kaka yake mdogo walimpoteza hivyo hivyo, juu ya meza, kwa glasi ya maziwa aliyopewa na bibi kwa huruma. Akasema, "Nitukane utakavyo, dada yangu. Mradi kijana anapumua."

Dada yangu! Kaniita dada yake.

Alhamisi, 14 Machi

Kabla jua halijapanda Sista Nagat alikuja mbio. Kuna nafasi. Nikauliza ya nani. Akanionyesha kwa kidevu.

Mama Rawan alikuwa anafunga vitu vyake. Nafasi ya Rawan ilikuwa ya kwanza leo, kupanuliwa mara ya mwisho. Kasema wa kwake ameshazoea mipira ya kawaida, atarudi mwezi ujao na daktari yeyote. "Koo la huyu limenyooka, hata mwiko utapita," akasema. "La kwako ndilo linalomhitaji huyu bwana na gurudumu lake." Nikaanza kulia, akanikatiza. Aliniambia nisimloweshe, gauni ni jipya.

Moaz hakuwa amepata kitu, kwa mdomo, kwa bomba, kwa pua, kwa sikio. Niliapa mbele ya mashahidi.

Nikangoja nje. Mama Rawan alikaa nami badala ya kwenda kuwahi gari. Tulikula mbegu za maboga. Nilisoma Qul-huwallahu nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena.

Daktari akatoka ana jasho. Akasema, imepita.

Imepita! Akaniita ndani anionyeshe kwenye kioo cha mashine. Nikaona ile kona, nyembamba kama jicho la sindano, na kichwa cha mpira kikiikaribia, kinagusa, kinarudi nyuma, kinapinda kidogo, kinagusa tena, bila haraka. Halafu kikajiingiza kama mtu anayeingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Nikamwambia daktari hivyo ndivyo bata analishwa, ukisukuma moja kwa moja unamuua, lazima uifuate shingo inavyotaka. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema laiti angejua, angemuacha yule bata wodini awafundishe wanafunzi wake.

Walimwangalia hadi alasiri, hakuna palipochanika. Kisha Sista Nagat akaleta maji kwenye kijiko.

Moaz akayaweka mdomoni. Akatafuta kikombe cha kutemea. Nikamwambia meza, baba, leo unameza. Akameza.  Akashika koo, akashusha kidole hadi kifuani, hadi tumboni.

"Mama," akasema, "yamekwenda wapi?"

Mama Rawan akatoka nje. Nilisikia bangili zake ukutani, analia kama mtoto.

Jumamosi, 16 Machi

Nyumbani. Moaz amekula mahalabiya, ule uji mzito wa maziwa na sukari, kikombe kizima, akakilamba hadi chini, akamlambisha paka kijiko. Bayumi kaacha kazi mapema aje kumtazama anameza. Tunamtazama wote kama televisheni. Ee Mola, namshukuru Daktari Murad na aliyeutengeneza mpira ule, popote alipo, mikono yake isiumwe. Namshukuru Sista Nagat. Mama Rawan kapiga simu kuuliza kama amelala vizuri, nikamwombea dua hadi salio likaisha. Kope hizi anazisifu bado, na sasa anasema mashaallah kabla hata sijakohoa.

Kovu hupenda kurudi, daktari alisema. Mwezi ujao atakuja tena na mpira wake, na Moaz atapanuliwa mara ya pili. Nimewaza sana juu ya yote yaliyotokea wiki hii, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Gauni. Gauni ni mpango wa kizamani.

Safari hii nimeazima mtoto mzima. Jirani yangu amekubali kunipa mwanawe Hosni, mnene, mashavu kama mkate uliotoka tanurini. Nitamkalisha benchi la mbele, macho yote ya korido yaishie kwake. Moaz nitampitisha mlango wa jikoni, kwenye kapu la nguo za kufuliwa, na Sista Nagat hatajua kitu. Hosni kafurahi sana. Na ni mtoto mwenye akili: ameshauri mwenyewe tumwite yeye Moaz siku hiyo, ili Sista akiita jina, aitike haraka na nafasi isipotee.