Hartmoos yenye O Moja

Jumapili, 1 Machi 1998

Madame Rolande ametangaza leo. Timu ya club inakwenda mji wa Namur tarehe 29 kushindana na vilabu vingine. Nafasi ni nne. Tatu zimeshachukuliwa na Wabelgiji watatu ambao mikono yao haijawahi kutetemeka tangu wazaliwe. Ya nne ni yangu au ya Kassimu.

Club yetu iko mtaa wa Ganshoren, chini ya café ya huyo Madame Rolande, kwenye pishi lililokuwa likihifadhi bia. Tunapiga bastola za upepo. Mita kumi, karatasi yenye miduara, basi. Haumii mtu, isipokuwa mimi nikiiona karatasi ya Kassimu. Yeye ni Mrundi wa Bujumbura, anaendesha kamioneti ya dobi. Ananiita papa Polycarpe, kama baba yake, na kunifungulia mlango. Upole wake unanichosha.

Sharti moja: kwenye mchujo wa tarehe 21 kila mtu aje na bastola yake mwenyewe. Mimi sina. Kassimu hana. Mshindi anapata Namur, pamoja na paja zima la nguruwe, la kukaushwa, kutoka Ardenne.

Kanisani nimeshawaambia watu kwamba naenda Namur. Nilisema mapema kidogo. Donc lazima niende.

Jumanne, 3 Machi

Baada ya kazi nimepita kwenye duka la silaha za michezo, hapa hapa Uccle, mitaa miwili kutoka nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nimeshika Hartmoos. Ya Kijerumani, original. Muuzaji alivaa glavu kabla ya kuitoa, kisha akanipa na mimi glavu. Kifyatulio chake hukisikii. Unawaza tu, na punje ya risasi imeshafika.

Nikauliza bei. Trente mille, faranga elfu thelathini. Nikavua glavu polepole, kama mtu anayekwenda kufikiria.

Jumapili, 8 Machi

Ushindi. Nimeitoroka ibada nikaenda soko la Abattoir. Kati ya muuza pazia na muuza betri, bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuwa nayo mezani. Rangi ile ile. Umbo lile lile. Imeandikwa HARTMOS, o moja. Sept mille, elfu saba tu. Nikamwuliza o ya pili iko wapi. Akanieleza kwamba inatoka kiwanda kile kile, ila upande wa pili wa ukuta, na kwamba wajuzi wote siku hizi wananunua hii. Mimi ni mjuzi. Nikanunua.

Tatizo ni Émérance. Mke wangu alikuja na watoto mwaka jana tu, mimi nikiwa hapa tangu 89, na tangu afike hajaniuliza club yangu inacheza nini. Anafikiri ni karata. Nimeificha chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga wa fufu. Mfuko ni wa kilo ishirini na tano. Kufika chini ni mwezi wa tano.

Jumatatu, 9 Machi

Nilipokuwa nikimlisha supu Madame Lambrechts, nimemsimulia. Ana miaka themanini na minne, na alikuwa bingwa wa shabaha wa mkoa wake zamani. Nilitegemea pongezi. Akasukuma kijiko pembeni. Akasema bastola ya kuiga inakufundisha makosa ya mtu aliyeitengeneza, na kwamba niirudishe sokoni leo hii. Nikamwambia soko ni Jumapili. Akasema basi niitupe kwenye mfereji.

Mtu wa zamani. Hajui biashara ya kisasa.

Alhamisi, 12 Machi

Mpwa wake Madame Lambrechts amenikabidhi kisanduku mlangoni. Bibi ameniazima bastola yake mwenyewe. Sharti lake: nimletee karatasi ya mashindano, aione kwa macho yake.

Kisanduku ni kizuri mno. Ngozi nyeusi, HARTMOOS kwa dhahabu, o mbili kamili. Lakini kilichomo ndani ni huzuni. Chuma kimefifia, mpini wa mbao umepasuka na kufungwa plasta, chini kumeandikwa 1961 na herufi G.L. Nimeivuta mara mbili, inatoa pumzi kama mgonjwa. Hii si original tena. Imebaki jina.

Usiku mzima nimefikiri. Kisanduku chake, bastola yangu. Nikikifungua kile kisanduku mbele ya watu, nani atahesabu o?

Jumamosi, 14 Machi

Mpango wa pili umezaliwa ndani ya wa kwanza. Kassimu bado hana bastola. Nimempelekea ile kuukuu ndani ya mfuko wa plastiki wa supermarket, nikamwambia ndugu yangu, siwezi kukuona unakosa mashindano, chukua hii nimekuazima. Hivyo atashindwa, na bado atakuwa na deni la shukrani kwangu.

Kassimu akaishika kwa mikono miwili. Macho yakamlowa. Akaniuliza G.L. ni nani. Nikasema ni jina la kiwanda.

Jumatatu, 16 Machi

Siku mbaya. Nimerudi kazini nikakuta unga wote umemwagwa kwenye beseni na Hartmos iko mezani, nyeupe. Émérance alikuwa ameamua kuchekecha unga kwa sababu ya wadudu. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa.

“Nilivuka mto Ruzizi na batoto juu ya kukimbia bintu kama hii,” akasema. “Alors weye unailalisha mu bunga yangu?”

Nikamwambia ni ya upepo. Ni mchezo. Haiui hata panya.

“Mignonne ameiona. Hakuuliza kama ni ya upepo. Aliingia chini ya kitanda.”

Mignonne ana miaka saba. Nikaenda kupiga magoti pembeni ya kitanda. Mwishowe nikajiingiza na mimi chini, suti na viatu, tukalala pale kifudifudi hadi akaanza kunicheka kwa sababu kichwa changu kimekwama kwenye mbao. Émérance alilazimika kulinyanyua godoro.

Masharti yake: hiyo kitu ikae club, isivuke mlango huu tena, na tule wali mpaka unga mwingine ununuliwe. Nimekubali yote matatu. Nimeipeleka Ganshoren usiku huo huo, Madame Rolande ameniwekea kabatini.

Nisiandike zaidi leo.

Jumamosi, 21 Machi

Bon. Niandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu watu watasema mengine.

Nilifika na koti jipya. Nikaweka kisanduku juu ya meza na kukifungua taratibu. Wabelgiji wakasogea. Mmoja akapiga mluzi. Dakika hiyo ilikuwa nzuri, na hakuna atakayeninyang'anya.

Kassimu alikuja na mfuko wake wa plastiki. Lakini kilichotoka humo sikukijua. Ameing'arisha. Ameondoa plasta, akagundisha mbao vizuri. Akanieleza, kwa furaha, kwamba ndani kulikuwa na kipete cha mpira kilichochakaa, ndiyo maana ilikuwa ikivuja pumzi. Akatoa kama hicho kwenye pampu ya mashine ya kufulia, kikaenea barabara. Akanishukuru tena mbele ya watu. Sikufurahi.

Risasi kumi kila mmoja. Tulisimama bega kwa bega, mimi kulia, yeye kushoto.

Ya kwanza yangu, sita. Si mbaya. Ya pili, nne. Ya tatu, mbili, upande wa kushoto. Kile kichuma cha mbele cha kulengea kilikuwa kinalegea kila ninapopiga. Ninakinyoosha kwa kidole, kinarudi. Ya tano ilipiga ukuta. Ya saba sikuiona ilipokwenda. Kwenye ya nane kichuma kiliruka chenyewe, kikatua ndani ya glasi ya bia ya Madame Rolande. Akakitoa kwa kijiko, akakiweka mbele yangu. Nikamalizia mbili zilizobaki kwa imani.

Karatasi zikaletwa. Ya Kassimu ilikuwa na tundu moja kubwa katikati, kama lililotobolewa kwa penseli. Madame Rolande akaanza kuhesabu. Kassimu akainua mkono.

“Samahani, Madame. Mimi nilipiga kumi. Hapa zimeingia kumi na moja, nimeona. Hii ya kumi na moja si yangu, ni ya papa Polycarpe.”

Ilikuwa katikati kabisa. Risasi yangu bora ya mwaka, kwenye karatasi ya mwenzangu.

Wabelgiji walicheka hadi mmoja akakaa. Kisha yule wa mluzi akaichukua bastola yangu, akaisogeza kwenye taa, akasoma. Akahesabu o.

Kassimu anakwenda Namur. Lile paja la nguruwe aliliangalia kwa heshima, kwa mbali, akaniomba nimsaidie.

“Mimi sili, papa. Mupelekee mama batoto.”

Nimelibeba kwenye métro kutoka Simonis hadi Saint-Guidon, limekaa mapajani mwangu kama mtoto. Nyumbani Émérance ameuliza nani amelitoa. Nimesema club. Amekata vipande vyembamba kwa wali. Tamu sana, nalazimika kukiri.

Jumatano, 25 Machi

Naingia chumbani kwa Madame Lambrechts na trei, nani amekaa kwenye kiti cha wageni? Kassimu. Kumbe nyumba yetu ya wazee ni mteja wa dobi yake. Ameona jina mlangoni, Godelieve Lambrechts, akakumbuka G.L. Akabisha hodi kuuliza kama ni yeye mwenye kiwanda.

Karatasi yenye tundu moja, ambayo anatembea nayo mfukoni, ilikuwa juu ya blanketi. Madame Lambrechts alikuwa ameishika kwa ncha za vidole. Akaniuliza yangu iko wapi. Nikasema mashine ya kupimia alama imeharibika.

Kisha akasema anampa Kassimu bastola, si kumwazima, kumpa. Na kisanduku chake mimi nirudishe kesho, kwa sababu kinakwenda nayo.

Nilitegemea Kassimu anisute. Alikuwa na haki. Kwenye korido akanishika bega, akasema akitoka Namur atakuwa akiniachia bastola hiyo kila Alhamisi, tujifunze pamoja, bure, mpaka mkono wangu utulie. Nikamwambia nitafikiria.

Jumapili, 29 Machi

Leo wako Namur. Kanisani siwezi kwenda, kwa sababu kwa watu wa kanisani mimi niko Namur. Émérance amekwenda na watoto, ameapa kwamba akiulizwa hatasema uongo wala ukweli, ataimba tu.

Nikawa sina pa kwenda. Nikaenda Abattoir kumsuta yule bwana mwenye kofia ya manyoya. Nilikuwa mkali. Nikamwekea Hartmos mezani na kile kichuma pembeni, bado kina harufu ya bia. Nikamweleza kila kitu.

Akasikiliza kwa makini. Akaomba radhi, jambo ambalo si wengi wanalifanya sokoni. Akaeleza kwamba ile niliyonunua ilikuwa ya mwaka jana, makosa yote sasa yamesahihishwa, na kwa sababu nimeteseka yuko tayari kuichukua na kunipa mpya mbili, niongeze kidogo tu. Nikabishana mpaka akapunguza. Aliumia, niliona usoni.

Nimezipeleka moja kwa moja Ganshoren, kabatini, bila kupita nyumbani. Mimi ni mtu wa neno langu. Nimezilaza pamoja, zinang'aa, nikazitazama hadi taa ya pishi ikajizima.

Kassimu amerudi jioni na nafasi ya tatu. Nimempongeza kwa moyo mweupe. Maskini, ana bastola moja tu.