Hotuba ya Kuzindua Daftari la Kumi na Tatu la Rubani wa Magamba

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu za kiutendaji ni mimi mwenyewe; waheshimiwa wazee mliofika kabla yangu na wazee mtakaofika nikishaondoka; wachungaji wa usharika, na padri aliyetuma salamu akasema hazina haraka; mashehe; walimu wakuu, walimu wadogo na walimu wa kujitolea; wenyeviti wa vitongoji na majirani wa wenyeviti wa vitongoji; akina mama wa karoti, akina mama wa kabichi, na akina mama wa plamsi ambao naambiwa mwaka huu mmebarikiwa kuliko wote; wafugaji wa Kwai mliotoka mapema mkaacha ng'ombe wanawaita; wapasua mbao wa Magamba; wananchi wa Mlola mlionipokea kwa ukungu mzito kiasi hiki, kwamba mpaka sasa sijawaona ila nawasikia mkikohoa: mabibi na mabwana, itifaki bado haijazingatiwa, kwa hiyo naomba tusimame dakika moja tuizingatie.

(Watu wakasimama. Waliokuwa wamesimama tangu asubuhi wakakaa, wakidhani ndiyo imekwisha.)

Asanteni sana. Onga mshi!

(Wachache: "Tiwedi." Mama mmoja: "Hicho Kishambaa kakinunua wapi?")

Hicho Kishambaa, mama, nimejifunza ofisini, kwa juhudi zangu binafsi, bila kuchukua likizo. Na huo ndio moyo ambao mimi, Edgar Mhina, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kuendeleza Hadithi za Anga za Juu, Kanda ya Milimani, nimeuingiza katika zoezi hili tangu siku ya kwanza nilipojiteua.

(Makofi. Ya kwanza yalitoka kwa dereva wake.)

Ndugu wananchi, kwa faida ya wale waliopita tu kununua viazi wakajikuta wamezungukwa na mkutano, nitoe historia kwa ufupi, ufupi wa saa moja. Katika milima hii aliishi mtu anaitwa Paskali Shemhilu, mpima miti wa msitu wa Magamba, ambaye mchana alipima miti na jioni alipima nyota, na kwa kalamu yake mwenyewe akaandika madaftari kumi na mawili ya hadithi iitwayo Rubani wa Magamba. Humo mna mwanamke, Rubani Evelina, aliyeunda roketi kwa mbao za mti wa mkulo akaruka nayo kutoka msituni, akazunguka sayari kwa sayari, na kila siku ya gulio hapa Mlola marehemu alisimama juu ya kreti la matunda ya plamsi akasoma sura moja, na biashara ikasimama. Nimeambiwa kuna mtu alimwachia mbuzi wake akala kabichi za watu kumi, kwa sababu siku hiyo Rubani alikuwa ananaswa na kimondo.

(Sauti ya mzee: "Tisa! Msizidishe!" Huyo ni Aron wa Kwai, mwenye mbuzi.)

Kabichi za watu tisa, Mzee Aron, ofisi imepokea sahihisho. Sasa, mwaka jana wakati wa masika Mungu akampenda zaidi marehemu, na tukabaki na daftari la kumi na tatu, ambalo lina ukurasa mmoja na nusu tu. Katika ukurasa huo na nusu, Rubani ametua sayari ya Kihuru. Hewa aliyobaki nayo kwenye mtungi ni ya nusu saa. Mlango wa roketi umefunguka, ngazi imeshuka, na chini ya ngazi amesimama Mtawala wa Kihuru na askari wake wote, na bila ruhusa ya huyo Mtawala Rubani hapati hewa, hapati maji, harudi nyumbani. Na mstari wa mwisho kabisa, kwa mkono wa marehemu, unasema hivi: "Rubani Evelina akafungua kinywa, akasema." Basi. Hapo ndipo kalamu iliposimama.

(Mwanamke mmoja akatikisa kichwa kana kwamba ameletewa habari ya ndugu yake.)

Ndugu zangu, ni miezi kumi na minne sasa mwanamke yule amesimama mlangoni kinywa wazi, na hewa ya nusu saa! Serikali yoyote makini ingeona hiyo ni dharura. Ofisi yangu iliona. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilifika mwenyewe nyumbani kwa marehemu, nikanywa chai, nikatoa pole, nikalichukua lile daftari kwa ajili ya uhakiki. Na hapa nimtambue kwa heshima zote mjane, Mama Jenoveva, aliyekaa pale mbele na blanketi lake. Mama, shikamoo!

(Mama Jenoveva hakuitikia. Akauliza kwa sauti: "Daftari la mume wangu liko wapi?")

Mama anauliza liko wapi. Swali zuri, la kizalendo. Liko salama, mama. Muda wote limekaa ndani ya droo, droo ndani ya kabati, kabati limefungwa na funguo ninazo mimi, na kwa taarifa yenu tangu liingie humo halijapata hata tone moja la mvua.

Najua kuna maneno mitaani. Najua binti wa marehemu, Loveness, fundi cherehani wetu hodari, amekuja ofisini kwangu mara kumi na saba kuliomba lile daftari, akidai kwamba baba yake alipoanza kutetemeka mikono ni yeye aliyekuwa akiandika, kwamba kuanzia daftari la tisa maneno ni ya baba na mwandiko ni wake, na kwamba yeye anajua Rubani anasema nini. Anadai pia mama yake ana miaka themanini na mitatu, kila sura alikuwa anasomewa yeye kwanza jikoni kabla haijafika gulioni, na hataki afe bila kujua kama Rubani anarudi. Hoja hizi nimezisikiliza kwa makini, mara zote kumi na saba, na mara zote nimemuuliza binti swali moja la kitaalamu: Je, una cheti cha anga za juu?

(Loveness, amesimama nyuma ya mama yake: "Na wewe Mheshimiwa unacho?")

Ninacho cha uongozi, binti yangu, nacho kinaingia kote. Hatuwezi kuacha urithi wa watu wote uendelezwe kienyeji, jikoni, kwa kalamu ya kawaida. Mwendelezo unataka fremuweki. Unataka rodimapu, unataka wadau, unataka wokshopu ya kujengeana uwezo. Na Kamati imefanya kazi, jamani! Tumekaa vikao arobaini na kimoja, mahudhurio asilimia mia moja, kikao hata kimoja hakikukosa akidi. Tumekunywa chupa mia mbili na nne za chai. Tumeandaa andiko dhana la kurasa sitini na mbili kuhusu namna ya kuandika ukurasa wa pili.

(Sauti: "Mmeandika mistari mingapi ya hadithi?")

Tunakuja huko, usiwe na haraka, hata Rubani mwenyewe hana. Mimi sifichi kitu. Kamati ilikutana na changamoto. Rubani amefungua kinywa, lazima aseme, na kabla ya kusema lolote mtu aliyelelewa milimani huku lazima aamkie. Sasa Mtawala wa Kihuru, mnakumbuka marehemu alivyomwelezea: kimo chake kinaishia gotini kwa Rubani, meno yake bado ya maziwa, lakini ana umri wa miaka mia tisa, kwa sababu mwaka wa kule ni siku moja na nusu ya huku. Ukimpigia hesabu za Lushoto ana miaka mitatu na miezi minane. Rubani Evelina ana miaka thelathini na minne. Ndugu wananchi, nawauliza, nani amwamkie nani?

(Minong'ono. Watu wakaanza kubishana wao kwa wao, na kwa mara ya kwanza wakawa wanamsikiliza.)

Mnaona! Siyo jambo dogo. Kamati iligawanyika katikati. Upande mmoja ukasema: mia tisa ni mia tisa, Rubani ashuke ngazi, apige goti, atoe shikamoo. Upande wa pili ukasimama kwa hasira: haiwezekani mtu mzima wa Magamba amwamkie mtoto ambaye hajaanza hata darasa la vidudu, tutatukanwa mpaka Korogwe! Tukapiga kura, zikalingana. Tukapiga tena, zikalingana. Tukaunda kamati ndogo ya maamkizi, nayo ikagawanyika. Miezi kumi na minne, ndugu zangu, hatujavuka hapo, na siyo kwa uzembe. Ni kwa heshima!

(Bi Shadya, muuza karoti, bila kusimama: "Mheshimiwa, samahani. Na huyo Evelina mlimhesabu kwa miaka ya wapi?")

Ya huku, mama. Ya Lushoto. Yeye ni mwenyeji wa huku.

("Na mtoto mkamhesabu kwa ya kule?")

Kwa ya kule, kwa sababu ni mwenyeji wa kule. Kila mtu kwa kwao. Ndiyo haki.

("Sasa mbona mzani mmoja unapima kwa kilo na mwingine kwa ndoo? Mpeleke Evelina kule. Miaka yake thelathini na minne, kila mmoja una siku mia tatu sitini na tano, gawa kwa siku moja na nusu. Anazidi elfu nane! Ukihesabu kwa huku Evelina mkubwa, ukihesabu kwa kule Evelina mkubwa. Yule mtoto hana pa kukimbilia.")

(Kicheko kilianzia kwenye karoti kikafika kwenye mitumba. Mzee Aron alipiga ndoo yake ya maziwa kwa fimbo.)

Tulieni. Tulieni, tuna wageni. Bi... Bi Shadya, nakushukuru sana kwa fidibaki hiyo, na naagiza ipelekwe kwenye kamati ndogo ya hesabu, itakapoundwa. Takwimu hizo za elfu nane hazikuwepo wakati tunapanga mpango. Na niseme tu kwamba mimi binafsi, moyoni, nilikuwa na wasiwasi wa namna hiyohiyo, ila itifaki ilinizuia kujipinga hadharani.

(Loveness: "Mheshimiwa, mama anasikia baridi. Tupe daftari letu twende.")

Subira, binti. Ndiyo tunaingia kwenye uzinduzi wenyewe. Mnaona mezani hapa kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha dhahabu. Najua mmekodolea macho tangu asubuhi. Hicho, ndugu wananchi, ni zao la miezi kumi na minne ya utaalamu. Lakini kabla sijafunua, mila za ofisi zinanitaka nishukuru.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati, wote tisa, ambao barua zao za uteuzi ziko tayari mezani kwangu, zimepigwa mhuri, na kilichobaki ni kupata majina. Kwa kukosekana kwao nimebeba jukumu zima: vikao vyote arobaini na kimoja nimevikaa mimi, hoja nimetoa mimi, nimeunga mkono mimi, na ule upande uliosimama kwa hasira, nilisimama mimi. Namshukuru mpiga chapa wa Tanga, ambaye siku tutakayomtafuta naamini atakuwepo. Nawashukuru wafadhili wa nje, na kama wapo wajitokeze. Na zaidi ya yote naishukuru familia ya marehemu kwa kutukabidhi daftari hili, ambalo leo, mbele yenu, nafunua... naam... na kulirudisha likiwa na ukurasa mmoja na nusu kamili, kama tulivyolipokea! Hakuna herufi iliyopungua! Hakuna herufi iliyoongezeka! Isipokuwa tumeliwekea jalada la nailoni.

(Hakuna makofi. Mama Jenoveva alinyoosha mikono miwili kutoka ndani ya blanketi. Loveness akalichukua daftari, akalichana jalada la nailoni, akafungua. Mtu akampa kalamu. Mtu mwingine akasogeza kreti huko nyuma ya umati, wakamsindikiza Mama Jenoveva hadi hapo.)

Sasa tufunge kwa kaulimbiu. Nikisema "Mwendelezo", mnaitikia "Unaendelea". Mwendelezo!

(Watu wakageuka kuelekea kwenye kreti.)

Mwendelezo! Rubani oyee! Kamati oyee! Jamani, mbona mmenigeuzia migongo? Huko nyuma kuna nini?

(Huko nyuma Loveness alikuwa ameandika neno moja. Mama yake akamvuta mkono: "Nisomee. Kasemaje?" Loveness akapanda juu ya kreti, akasoma: "Rubani Evelina akafungua kinywa, akasema: Marahaba." Na kabla Mtawala wa Kihuru hajajua kwamba anasutwa kwa kutoamkia, gulio zima lilikuwa limeanguka kwa kicheko, na Mama Jenoveva akicheka kuliko wote, machozi yakimdondokea kwenye blanketi, akisema: "Huyo ndiye. Huyo ndiye yeye. Endelea, mwanangu, hewa inamwishia.")

Kasemaje? Wananchi, nauliza kwa heshima, huyo Rubani kasemaje? Dereva, wewe umesikia? Haya basi, hotuba imekwisha, asanteni kwa kunisikiliza, ila rudieni kidogo hapo mwanzo. Sisi wa huku mbele hatukusikia.