Paipu Inayopumua

Jumatatu, 8 Septemba 2003

Nyumba imeisha! Mawe, mabati, madirisha ya kioo. Hapa Kitengela hakuna mzee mwingine amejenga hivi. Wakatae.

Shida ni moja tu. Mchana mabati inachoma, unaoga jasho ukiwa umekaa. Jua likizama, upepo wa mbugani unaingia, meno yanagongana. Mke wangu, Mama Ouko, alilala hapa siku moja, kesho yake akafunga kikapu akarudi Gataka kwa binti yetu Ajwang. Alisema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na tanuri, na hakuolewa na friji. Nikirekebisha hiyo joto na hiyo baridi, atahamia. Nikishindwa, nisimuite tena. Anakuja Jumamosi kuangalia.

Nyumba kubwa, sahani moja. Si kitu. Mimi Oyoo ni fundi.

Jirani yangu Gakuru, mwenye duka la hadiwea, akaja na ushauri ambao sikumuomba. Yeye ako na silingi bodi chini ya mabati kila chumba, na mahali pa moto ukutani na bomba la moshi juu ya paa. Akaniambia, mzee, weka kama yangu, mama atarudi mbio. Nikamwambia nyumba yake inafanana na gari la moshi lililopotea reli. Akacheka. Mimi sikucheka.

Feni? Inazungusha joto ile ile. Hita? Inakula stima kama ng'ombe aliyeona nyasi baada ya kiangazi. Nitafanya yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata! Pale mpakani kwangu na Gakuru kuna kisima kikavu. Aliyeniuzia shamba alichimba, hakupata maji, akaacha. Saa sita niliweka mkono juu yake. Hewa baridi! Jioni nikaweka tena. Hewa ya joto! Mchana baridi, jioni joto, na bure. Nitavuta paipu mpaka sebuleni. Wazungu wenyewe hawajafikiria hii.

Jumatano, 10 Septemba

Kijana wa kibarua, Muteti, amechimba mtaro. Tukalaza paipu kubwa ya choo, mpya kabisa. Alipokuwa akiingiza ncha yake kisimani, akasimama. Akauliza ni nani yuko huko chini. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema amesikia mtu akikohoa. Nikamwambia ni mimi.

Sikukohoa.

Akabeba jembe lake akaenda. Chai hata hakugusa. Vijana wa siku hizi!

Ijumaa, 12 Septemba

Inafanya kazi! Mchana sebule imepoa kama ndani ya mtungi. Jioni, joto tamu, na harufu ya udongo uliolowa. Mvua haijanyesha tangu Mei.

Paipu inapumua. Inavuta, inatoa. Polepole, kama mtu amelala.

Nilijisifu kwa sauti, Oyoo wewe ni kichwa! Paipu ikavuta hewa. Halafu ikasema, kichwa. Nikafurahi. Ni vizuri kuwa na mtu wa kukusikiliza. Nikaieleza habari ya Gakuru na moshi wake, na chapati za mke wake Rahab, ambazo mtu anaweza kuezekea choo.

Baadaye Gakuru akaja, uso kama jivu. Ati kina mama wamesikia mzee fulani ndani ya kisima akitukana chapati. Akaniuliza kama mimi pia nimesikia. Nikamwambia wanawake wa kwake wanaogopa upepo.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku kubwa! Nimefagia. Nimenunua sahani ya pili.

Mchana, nikimngoja mama, ukuta ukaanza kuimba. Wimbo wa kanisa, sauti nyingi za wanawake, kutoka chini ya ardhi. Kisha sauti moja kama ya Rahab, lakini nzito, ikaniamuru nitaje jina langu. Mimi si mwoga. Nikaweka mdomo kwa paipu. Ni Oyoo! Ikauliza ninataka nini. Nikasema nimehamia huku kabisa, huku ni baridi vizuri, namngoja mke wangu, leo ananifuata.

Mayowe! Miguu mingi ikikimbia.

Kumbe Mama Ouko alikutana barabarani na kina mama wa kanisa wakikimbia kutoka kisimani. Rahab akamkumbatia akamwambia pole dada, mzee ameaga dunia, yuko kisimani na anakuita. Akaingia kwangu analia, hana viatu. Akanikuta nakunywa chai. Akanishika uso, huku na huku. Kisha akanipiga na kikapu.

Amenililia! Nilifurahi sana.

Akaifuata paipu kwa macho, kutoka ukutani mpaka kisimani. Akasema, Baba Ouko, mzee wa kisimani ni wewe, mjinga wewe. Akasema atakaa, bora niizibe na simiti. Nikaapa. Jioni Gakuru na watu wa kanisa wakafunika kisima kwa zege, wakaombea.

Mimi nikapaka simiti kidogo kando ya paipu. Mdomo wake nikaufunika na kalenda. Mtu haharibu kazi nzuri.

Jumapili, 14 Septemba

Sahani mbili mezani!

Kisima kimefungwa. Hakuna mtu huko, hakuna upepo. Lakini kalenda inainuka, inashuka. Inainuka, inashuka. Mama Ouko akaacha kula, akaitazama. Akaniuliza kama kweli niliziba. Nikasema ndiyo.

Nyuma ya kalenda mtu akakohoa.

Nikamwambia ni mimi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa ugali.

Jumatatu, 15 Septemba

Ameenda. Alisema ni paipu au yeye, nichague. Nikamweleza kwamba mtambo unaofanya kazi hata kisima kikifungwa ni mtambo wa ajabu zaidi. Hakungoja nimalize. Kikapu ameacha.

Jioni baridi ilikuwa kali. Nikakaa kando ya ukuta. Joto ikaja. Kisha sauti ya Mama Ouko mwenyewe, ya upole, nyuma ya kalenda: Baba Ouko, sogea karibu, huku kuna joto.

Nikapiga simu Gataka. Ajwang akasema mama yuko hapa kando yangu, anachambua mboga, na hataki kuongea na wewe.

Haya! Mdomoni hataki kuongea, na bado ananiita. Wanawake hawajui kukubali kushindwa moja kwa moja. Lakini nimeelewa. Anataka joto ifike mpaka chumba cha kulala.

Kesho nachimba mwenyewe. Hii paipu ni nyembamba. Nitaweka pana zaidi, mtu aweze kupita.