Goti Moja, Mafaili Matatu

Kwa Daktari Mkuu wa Kliniki ya Mifupa,

Shikamoo Daktari. Naandika kwa heshima zote, mguu nimeuweka juu ya kigoda.

Mimi ni yule fundi baiskeli mwenye goti la kulia. Kazi yangu ni ya kuchuchumaa. Goti lisipokunjika kibanda hakifunguliwi, na kibanda kisipofunguliwa mama watoto hunitazama kwa jicho ambalo hata nyinyi hamna dawa yake. Nililetwa kwenu baada ya shemeji yangu, mtu mzima mwenye tumbo lake, kupanda skuta ya mwanawe ili amwoneshe namna ya kukata kona. Kona ilikuwa mimi.

Mlinifunga bendeji, mkaniambia nirudi kila wiki nifuatiliwe. Nashukuru. Hata hivyo, mpaka leo wanaonifuatilia ni viti vyenu vya magurudumu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza ya marudio nilikuwa nimekaa kwenye benchi kwa adabu zangu. Kiti kikashuka ule mteremko wa chumba cha mazoezi kikiwa na bwana mmoja mnene, mhudumu anakikimbiza kwa nyuma, kikanitonesha goti lile lile. Yule bwana alikuwa muungwana, aliniomba radhi kabla hajanifikia.

2. Muuguzi akanifungulia faili jipya, eti kwa sababu chombo kilichonigonga ni kingine. Sasa goti la skuta linakandwa kwa maji ya moto Jumatatu, na goti la kiti linawekewa barafu Alhamisi. Daktari, goti ni moja! Halijui lichemke au ligande.

3. Wiki iliyofuata nikagongwa tena na kiti, na aliyekalia kiti ni shemeji. Kumbe naye aliteguka kifundo cha mguu kwenye ile ajali ya skuta, mkampangia siku moja na mimi. Alinipungia mkono akija. Wauguzi wakabishana: dereva ni wa faili la kwanza, chombo ni cha faili la pili. Wakamaliza ubishi kwa kufungua la tatu. Niliumia sana, na sioni haya kusema nililia mbele ya watoto wa watu.

4. Nikilalamika naambiwa ajali haina kinga. Wahenga walisema pia mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nakuja kila wiki, na shemeji ameshapona.

Kwa hiyo naomba mafaili yaunganishwe. Shemeji apigwe marufuku kukalia kitu chochote chenye gurudumu, hata kiti cha ofisini. Kila kiti kitanguliwe na mtu mwenye kengele. Ikishindikana, nilazwe juu ya kabati la dawa, muwe mnanifuatilia kwa ngazi. Nimechunguza, hakuna kiti kilichowahi kupanda huko.

Nisalimie wauguzi wote, mpishi, mlinzi wa getini, na yule bwana mnene ukimwona akipita.

Mgonjwa wako mvumilivu,
Fundi Spoku

Tanbihi: Mhudumu wenu amekuja tena kuulizia breki za viti. Tafadhali mwambie apunguze haraka. Kabla ya ile ajali ya skuta mliniletea viti nivitengeneze, kisha mkaja kuvichukua siku ile ile mkisema wagonjwa wanavisubiri, nami breki nilikuwa nimeshazifungua. Zipo zote kibandani, nimezipaka mafuta vizuri. Nitakuja kuzifunga goti likipona.