Ncha za Ukoo Wetu

Jumatatu, 3 Juni
Nimehukumiwa. Hukumu imesomwa mezani, juu ya ugali na dagaa.

Shemeji Ikupa, mdogo wa mke wangu Enesi, ni mwalimu wa baiolojia. Anasema ndani ya mwili mna nyuzi za urithi, na kila uzi una ncha inayoulinda, kama kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu. Zinaitwa telomea. Zinapungua mtu anavyozeeka. Halafu, kwa raha zake, akichota mboga: urefu wake kwa sehemu unarithiwa.

Nikarudisha tonge sahanini. Baba alikufa na miaka arobaini na tisa. Babu arobaini na tisa. Mimi Jumapili natimiza hamsini. Kama nitafika!

Nikauliza unarithiwa kwa nani. Kasema kwa binadamu wataalamu bado wanabishana. Ila baadhi ya wanyama wa Australia, jamii ya wale wanaobeba watoto kwenye mfuko wa tumboni, wana ncha ndefu kutoka kwa mzazi mmoja na fupi kutoka kwa mwingine. Afadhali yao! Mama yangu kapita themanini, yuko Igamba, bado anachuma kahawa. Nikauliza kama naweza kuhesabiwa pamoja na wanyama hao. Enesi akaniambia nile.

Jumanne, 4 Juni
Akili imefunguka. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikivuka tu, nakuwa mdogo kwa saa nzima. Bure!

Hamis, jirani yangu wa duka la matairi, kacheka mpaka kakalia tairi. Anasema nikirudi Tunduma saa hiyo nairudisha. Hamis hajui biashara. Nitatoka getini kihalali, nigongewe muhuri. Nitarudi kwa njia ya panya. Huko hakuna ofisa, sasa nani atanidai?

Jumatano, 5 Juni
Nimekamatwa. Mgambo kanikuta kwenye njia ya panya, kauliza mzigo uko wapi. Nikasema sina. Hapo ndipo alipopata wasiwasi, maana pale hakuna anayepita mikono mitupu. Kanipekua mpaka soksi. Nikaeleza ukweli wote: telomea, Australia, marehemu Baba. Kaniachia, kasema nikapumzike.

Saa niliyoipata imeishia kwenye kupekuliwa. Kesho narudia.

Ijumaa, 7 Juni
Hamis kanimaliza. Kasema kwa upole kabisa: jirani, si unataka hamsini ifike upesi? Sasa mbona unairudisha nyuma?

Mungu wangu. Na jana nimevuka tena! Nimejiongezea saa mbili za hatari kwa miguu yangu mwenyewe.

Naogopa. Naandika wazi, naogopa. Kitinda mimba wangu ana miaka sita tu. Nimewaaga watoto asubuhi. Nimewaaga tena mchana, wakaomba wamalize kula kwanza.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda Igamba kumuaga Mama. Nimemkuta kwenye kichanja anageuza kahawa. Kauliza mbona nina sura ya msibani. Nikamwaga yote.

Kwetu mtoto haelezwi mzazi alikufaje. Anaambiwa "aliitwa", basi, na haulizi. Leo nimeuliza.

Baba aliitwa na mto Momba! Alikuwa anatoka Kamsamba na gunia la mpunga, mto umejaa, wenzake wakamwambia alitupe. Akakataa. Wenzake walifika. Na Babu? Radi. Alikuwa juu ya mti anarina asali, mvua inanyesha, wakamwambia ashuke. Akakataa. Umri wake hakuna aliyeujua, hiyo arobaini na tisa walimkadiria tu pale msibani.

Kwa hiyo ncha zao hazikuisha! Zilikuwa nzima kabisa! Nimekaa chini nikalia kwa furaha, mzigo wote umenitoka kifuani. Mama kasema nilichorithi kwa baba yangu si ncha, ni ubishi, na huo ndio unaoua kwenye ukoo wetu. Kisha kanipa debe nikachume.

Jumapili, 9 Juni
Hamsini! Niko hai! Kanisani nimeimba mpaka mzee wa kanisa kageuka. Pilau, soda. Hamis kaleta zawadi: saa ya ukutani. Tumecheka wote, hata mimi. Ikupa kasema urithi si kila kitu, na inasemekana wasiwasi nao unachangia kufupisha ncha. Nimemhakikishia wasiwasi umekwisha. Mchana nimelala fofofo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka mwepesi. Nikampigia Mama kumshukuru. Katika kuongea nikamuuliza, hivi hivi tu, baba yake yeye aliitwa na umri gani. Kasema hamsini na moja. Alitaka kuendelea, aeleze ilikuwaje. Nikamwambia salio linaisha.

Hamsini na moja! Na huo ndio upande mrefu!

Lakini safari hii nimejifunza. Muda lazima uende mbele. Kwa hiyo naingia Nakonde kwa njia ya panya, nisipoteze kitu, kisha narudi kwa geti, kihalali, na saa moja juu. Kila siku. Huo mwaka wa hamsini na moja nitaupita mbio kabla haujaniona.

Enesi kaniambia niache. Nimekataa.