Kobe wa Kijani na Gari la Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti
Habari kubwa! Msanii wa mji wa jirani, yule anayeunda sanamu kwa taka, anachukua wanafunzi wawili wakae naye karakanani likizo nzima. Sharti: kila mmoja apeleke mwenyewe kazi ya mikono yake, iliyotengenezwa kwa kitu kilichotupwa, Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Mjomba amekubali kunipeleka kwa gari lake. Nimemweleza kwamba haitakuwa safari tu, bali Safari ya Kijani: njiani tutatazama ukuta uliochorwa kwa rangi za majani, kisha bustani iliyo juu ya paa. Akauliza kama Safari ya Kijani inatumia petroli. Nikamjibu kwamba ni kidogo sana. Akasema basi gari lake halijapata habari.

Jumanne, 5 Agosti
Kanuni za safari nimezibandika jikoni. Hakuna chupa za plastiki. Hakuna kiyoyozi (gari la mjomba halina, kwa hiyo hapa tumeshafaulu). Hakuna kiti kitupu. Hii ya mwisho imeniponza. Mama kaisoma, kamwalika binti wa jirani, Kiranja wa darasa letu, ambaye naye anapeleka kazi. Ametengeneza pazia la mirija ya soda. Mirija mia nne! Eti kaiokota mwenyewe. Mimi sina hata kizibo. Mama kasema niwe na roho safi. Roho safi ninayo. Ninachokosa ni kazi ya sanaa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Nilikuwa nikipunguza uzito wa gari, maana nimesoma kwamba kila kilo ya ziada inakunywa petroli. Nikatoa vilivyomo kwenye buti: mwavuli uliovunjika, jeki, mabuti ya mjomba, na chini kabisa, chini ya zulia, tairi. Limelala humo miaka na miaka bila kazi, vumbi tupu, kiraka ubavuni. Maskini! Kama hicho si kitu kilichotupwa, ni nini? Nikalivingirisha hadi kwa fundi wa matairi alitoe kwenye ringi. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikamwambia mwenyewe atashangaa. Sikusema uongo. Ndani ya ringi nimempandia mama maua.

Ijumaa, 8 Agosti
Kobe yuko tayari! Tairi ndilo gamba. Kichwa na miguu nimevikata kwa msumeno kwenye ubavu wa pili. Rangi ya kijani, macho ya vizibo. Kiranja alikuja kuchungulia, akauliza kama ni kiti au ni ajali. Wivu mtupu.
Jioni nikakumbuka jambo moja: tairi lililojaa upepo huokoa petroli. Nimeyajaza yote manne kwa pampu ya baiskeli mpaka yakawa jiwe. Dunia itanishukuru.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa tatu asubuhi, hata ukuta hatujauona: paaa! Tairi la mbele. Mjomba hakubabaika. Akashuka akipiga mluzi, akatuambia wanangu msihofu, mjomba wenu ni mtu wa kujiandaa. Akafungua buti. Mluzi ukakatika.
Akatafuta jeki. Akafunua zulia. Akamtazama kobe. Kisha akaweka kidole kwenye kiraka na kusema, kwa sauti ya chini iliyo mbaya kuliko kelele, kwamba kiraka kile anakijua, kilibandikwa siku niliyozaliwa, wakati anamkimbiza mama hospitali. Nikasema basi kobe ni wa ukoo. Kiranja aligeukia vichakani, mabega yakimtikisika.
Lori la taka likatuokoa. Na lilikuwa likipeleka vyuma kwa msanii yuleyule! Mjomba akabaki kulinda gari. Kiranja akakaa mbele, pazia lake mapajani. Kobe hakuenea, akapanda nyuma na taka. Tukafika zimebaki dakika kumi. Msanii akaanza kupekua mzigo. Akamvuta kobe, akampiga kofi mgongoni, akawaita wenzake waje kuona: tairi zima kabisa hili, lingekwenda miaka mingine mitano, mwendawazimu gani kalikatakata?
Nikainua mkono.
Alinieleza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kwamba kabla kitu hakijawa sanaa ya taka, sharti kwanza kiwe taka. Kiranja kapata nafasi. Ya pili iko wazi hadi Jumamosi ijayo. Nirudi na kitu ambacho kweli hakimfai mtu. Nilikaa nyuma ya lori kurudi. Kiranja akauliza kama ninalia. Nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 11 Agosti
Gari limevutwa hadi uani. Gurudumu moja halina, pembe hiyo imewekewa matofali. Tairi la saizi ile halipatikani popote. Mjomba anakwenda kazini kwa miguu, anarudi kwa miguu. Moshi: sifuri! Safari ya Kijani imefaulu kuliko nilivyopanga. Sijampongeza bado. Nangoja aanze kunisemesha.
Fundi wa matairi kasema lililopasuka lilizidiwa upepo. Mjomba akashangaa ni nani angejaza tairi kiasi kile. Nikashangaa pamoja naye.

Jumatano, 13 Agosti
Kutwa nimeketi uani nikitafakari maneno ya msanii. Nimeyanakili kwa wino mwekundu: kitu ambacho kweli hakimfai mtu. Kosa langu nimeliona. Sikuchunguza kwanza. Mara hii nimechunguza. Mlango wa nyuma wa gari, upande wa kushoto, haufunguki tangu mwaka juzi. Mjomba mwenyewe hukosi kumsikia akiutukana. Na umebonyea vizuri mno, kama sikio la tembo! Bisibisi ninayo. Mjomba yuko kazini, na kwa miguu atachelewa.
Nachukua mmoja tu. Mitatu yote namwachia.